Swali na Jibu: Pipa la oili uani

SWALI: Msomaji wa Kona ya Musa, huku pwani ya Kenya, ana magari mawili ya Probox anayoyahudumia mwenyewe nyumbani. Anauliza kama pipa la oili la lita 208 litampunguzia gharama.

JIBU: Kwanza apige hesabu. Injini ya Probox ya lita 1.5 hunywa chini kidogo ya lita 4. Pipa hilo basi ni huduma zaidi ya 50, na oili iliyofunguliwa haifai kukaa miaka. Mtungi wa lita 20 unamtosha: huduma tano. Aangalie alama ya KEBS na kizibo ambacho hakijaguswa.

Adui mkubwa wa oili pwani ni unyevu.

Pipa lililosimamishwa nje hupumua. Jua la mchana hutanua hewa iliyomo ikatoka; usiku likipoa, hufyonza maji ya mvua yaliyotuama juu, kando ya kizibo. Ndiyo maana wenye magereji hulilaza juu ya mbao, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, chini ya kimo cha oili. Mtungi nao ukae ndani, kivulini, umefungwa barabara.

Oili ikionekana nyeupe kama tui, imeingia maji. Isitiwe kwenye injini.