Unatumia wafarini na umeandikiwa antibayotiki: fanya haya

Mvua kubwa zikinyesha Mabatini, Mwanza, maji ya Mto Mirongo hupanda, vyoo hufurika, na haupiti muda kuharisha na homa huanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Wengi hukimbilia duka la dawa, wakameza Flagyl au siprofloksasini, wakapona. Lakini kwa anayetumia wafarini, dozi hiyohiyo inaweza kumfanya avuje damu tumboni au hata kwenye ubongo.

Wafarini huzuia damu isigande hovyo. Hupewa wenye vali ya moyo ya chuma, wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na waliopata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu. Miongoni mwao wamo vijana na akina mama ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki utotoni. Nguvu ya dawa hii hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR. Asiyeitumia huwa na INR ya karibu 1. Wengi wanaoitumia hutakiwa wawe kati ya 2 na 3. Wenye vali ya chuma ya mitro, mara nyingi 2.5 hadi 3.5. Lengo lako liandikwe kwenye daftari la kliniki, nawe ulijue kwa kichwa.

1. Jitambulishe kabla hujapokea dawa. Iwe kwa daktari, kwa muuguzi au dukani, maneno ni haya: "Samahani, dada, mimi natumia wafarini. Dawa hii haitagongana nayo?" Kisha toa daftari. Uliza pia kama antibayotiki inahitajika kweli. Homa ipimwe malaria kwanza, na kuharisha maji matupu bila damu mara nyingi huhitaji ORS tu.

2. Zijue dawa zenye hatari zaidi. Septrin na Flagyl huzuia ini lisiivunje wafarini, hivyo hubaki nyingi mwilini na INR hupanda. Siprofloksasini, eritromisini na flukonazo, dawa ya fangasi, nazo huipandisha. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: hulisukuma ini liivunje wafarini haraka, INR ikashuka na damu ikaweza kuganda kwenye vali. Atakayetibiwa kifua kikuu kwa miezi 6 huenda akahitaji wafarini mara mbili ya kawaida au zaidi.

3. Panga vipimo viwili siku unayoanza dozi. Cha kwanza kiwe siku ya 3 hadi ya 5 tangu kuanza antibayotiki. Cha pili, takriban wiki moja baada ya kumaliza. Hiki cha pili ndicho husahaulika, kwa kuwa mtu tayari anajisikia mzima. Dozi ya wafarini ikiwa ilipunguzwa wakati wa ugonjwa, inaweza kuwa ndogo mno baada ya kupona. Kwa rifampisini vipimo huendelea kwa wiki kadhaa hata baada ya tiba kuisha, maana INR hupanda taratibu. Kabla ya kupanda hospitali ya Bugando au kwenda ya Sekou Toure, piga simu uulize kama maabara ina vitendanishi vya INR.

4. Usijipunguzie wala kuacha dozi. Mabadiliko ya wafarini huchukua siku 2 au 3 kuonekana kwenye kipimo, kwa hiyo kukisia ni hatari. Anayeacha kwa hofu ya kuvuja damu anaweza kupata kiharusi. Ukisahau dozi ya jana, usimeze mbili leo. Wala usiikatae antibayotiki uliyoandikiwa na daktari: maambukizi yakifika kwenye vali huua.

5. Angalia dawa za maumivu na sindano. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini usimeze bila ruhusa ya daktari wako. Parasetamo ndiyo salama zaidi, ila ukiimeza kwa wingi siku nyingi mfululizo nayo hupandisha INR. Sindano ya msulini inaweza kuvujisha damu ndani ya nyama. Omba vidonge au dawa ya mshipa.

6. Toa taarifa usipokula. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya wafarini. Ukikaa siku 2 huli, unatapika au unaharisha, INR inaweza kupanda hata bila antibayotiki. Pigia kliniki simu. Ukirudi mezani, kula mboga kwa kiasi chako cha kawaida.

7. Nenda hospitali mara moja, hata usiku, ukiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, matapishi yenye damu, damu ya pua isiyokatika kwa dakika 10, hedhi nzito kupita kawaida, au kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu. Nenda pia ukianguka ukagonga kichwa, hata kama huoni jeraha. Mdomo ukipinda, mkono ukiishiwa nguvu, pumzi ikibana au mlio wa vali ukififia, huenda damu imeganda; usisubiri asubuhi.

Ndugu msomaji, leo ukiwa mzima, andika kwenye jalada la daftari lako namba ya kliniki, dozi yako kwa miligramu na lengo lako la INR. Kisha mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mahali linapokaa, kwa sababu siku utakayozidiwa, yeye ndiye atakayekusemea.