Kazi ya Kwanza ya Kulipwa: Maandalizi ya Mpiga Picha Anayeanza

Vijana kadhaa katika sharika zetu wamejifunza kupiga picha. Hata hivyo, kati ya kujua kupiga picha na kupokea fedha ya mtu kwa ajili ya picha kuna hatua kubwa. Hatua hiyo ndiyo somo letu katika toleo hili.

Tuchukue mfano wa ibada ya kipaimara. Tuseme wanakipaimara ni 40. Kila mmoja atapiga magoti, atawekewa mikono, kisha atainuka. Tendo hilo huchukua muda mfupi sana, wala haliwezi kurudiwa kwa sababu betri iliisha. Mzazi analipia uhakika kwamba dakika ile ya mtoto wake haitapotea, na uhakika huo hutengenezwa kabla ya Jumapili.

1. Makubaliano yaandikwe

Karatasi moja inatosha. Iandikwe tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya picha, ukubwa wake, siku ya kuzikabidhi, bei na kianzio. Bei isikisiwe. Kwa mfano, kijana akitoza Sh. 150,000, akatumia Sh. 20,000 kwa nauli na chakula, Sh. 30,000 kukodi flashi na Sh. 40,000 kusafisha picha 40, kinachobaki ni Sh. 60,000. Kwa kuwa kazi itamchukua siku tatu (kukagua mahali, kupiga, kuchagua na kurekebisha), anapata Sh. 20,000 kwa siku. Ni vema kianzio kisipungue gharama zile, yaani Sh. 90,000, ili asikope.

2. Mahali pakaguliwe

Kijana afike kanisani siku chache kabla, saa ileile ya ibada, aone jua linaingilia dirisha lipi. Dirisha likiwa nyuma ya madhabahu, nyuso zitatoka nyeusi. Amwone mchungaji au mwinjilisti aulize: nisimame wapi, flashi inaruhusiwa, na ni wakati gani nisitembee? Aidha, aombe orodha ya majina kwa mpangilio wa kupiga magoti. Bila orodha hiyo hatajua nani amekosekana hadi mzazi aje kuuliza.

3. Vifaa viwe viwili viwili

Betri mbili zilizochajiwa tangu juzi yake, maana umeme unaweza kukatika usiku wa kuamkia ibada. Kadi za kumbukumbu mbili. Kadi ya GB 32 hubeba takribani picha 4,000 zenye MB 8 kila moja, hivyo nafasi si tatizo. Hofu ni kadi kuharibika au kupotea. Kama hana kamera ya pili, aazime kwa mwenzake, na amwombe mwenzake huyo awe tayari iwapo yeye ataugua.

4. Mwanga ueleweke

Ndani ya kanisa mwanga ni mdogo kuliko macho yanavyodhani. Kwa mtu aliyepiga magoti, kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde kwa kawaida hutosha; kwa maandamano afadhali 1/250. Afungue tundu la lenzi kadiri inavyowezekana, kisha apandishe ISO hadi 1600 au 3200. Picha yenye chengachenga kidogo itampendeza mzazi kuliko picha iliyotikisika.

Jambo linalowashangaza wengi ni nguo nyeupe. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba vitu vyote kwa wastani vina rangi ya kijivu. Gauni nyeupe likijaa kwenye picha, kamera hupunguza mwanga: gauni linakuwa la kijivu na uso wa mtoto unafifia gizani. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa hatua moja hivi, kisha kukuza picha ya majaribio na kuangalia uso. Jaribio hili lifanyike Jumamosi kwa rafiki aliyevaa shati jeupe.

5. Baada ya ibada

Jioni hiyohiyo picha zihamishiwe kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje. Kadi isifutwe mpaka mteja amepokea kazi yake. Kama siku ya kukabidhi itachelewa, mteja aambiwe kabla hajauliza.

Tukumbuke pia kwamba hawa ni watoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kijana asitumie picha ya mtoto kutangaza biashara yake bila ridhaa ya mzazi. Sisi pia, tunapotuma picha kwa wafadhili, tuombe ridhaa hiyo.

Kwa kamati na wafadhili

Kijana huyu akivuruga kazi ya kwanza, habari zitaenea usharika mzima, na kamera itarudi sandukuni. Lakini akifanya kazi nzuri asilipwe, kamera itarudi sandukuni vilevile. Tunajua ilivyo rahisi kumwambia, "Mwanetu, hii jitolee tu." Kujitolea ni kuzuri pale anapochagua mwenyewe. Tunaziomba kamati zianze na kazi ndogo, kama vile kikao au uzinduzi wa kisima, kwa malipo madogo lakini ya kweli. Wafadhili wanaofikiria kununua kamera wakumbuke na betri ya pili, kadi na diski.

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wetu, nani ameshapiga picha zetu bila kulipwa, na kwa nini?
2. Je, orodha ya wanakipaimara inaweza kuwa tayari wiki moja kabla?
3. Ni kazi gani ndogo ya miezi mitatu ijayo tunayoweza kumpa kijana anayeanza, na kwa bei gani?