Pima Udongo Kabla ya Kununua Mbolea: Maana ya Kipimo cha pH

Mkulima anaweza kupanda mbegu bora, kutia mbolea kwa wakati na kupata mvua ya kutosha, lakini mahindi yakabaki mafupi na majani yakageuka rangi ya zambarau. Mara nyingi chanzo ni asidi iliyozidi kwenye udongo. Tatizo hili lipo katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, zikiwemo kaunti za Kakamega, Vihiga, Siaya, Bungoma, Uasin Gishu na Trans Nzoia.

pH ni nini?

pH ni kipimo cha kuonyesha kama kitu kina asidi au alkali. Kilibuniwa mwaka wa 1909 na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen. Kwa kawaida kipimo huanzia 0 hadi 14. Katikati ni 7, kama maji safi kabisa. Chini ya 7 ni asidi: maji ya limau huwa kati ya 2 na 3, na maziwa mabichi karibu 6.6. Juu ya 7 ni alkali, kama maji ya majivu au musherekha unaotumika kupikia mboga za kienyeji.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kila hatua moja ni mara 10. Udongo wa pH 5 una asidi mara 10 kuliko wa pH 6, na mara 100 kuliko wa pH 7. Kwa hivyo tofauti ya 5.0 na 6.0 si ndogo kwa mmea.

Viashiria

Kiashiria ni kitu kinachobadilika rangi kikikutana na asidi au alkali. Karatasi ya litmasi hugeuka nyekundu kwenye asidi na bluu kwenye alkali. Watoto wanaweza kujionea nyumbani kwa maji yaliyochemshiwa kabichi ya zambarau: yakitiwa limau huwa mekundu, yakitiwa maji ya majivu huelekea kijani.

Litmasi husema kuna asidi, lakini haisemi ni kiasi gani. Karatasi za pH zenye rangi nyingi hukaribia zaidi, kwa kuwa kila rangi hulinganishwa na nambari. Kipimo sahihi zaidi ni cha mashine ya maabara.

Asidi inavyoharibu mazao

Mahindi na maharagwe hufanya vyema udongo ukiwa kati ya pH 5.5 na 7. Chini ya 5.5, madini ya alumini huyeyuka na kudumaza mizizi. Fosforasi nayo hushikwa na udongo, hata ile iliyonunuliwa kwa mbolea, mmea ukaikosa. Hapo mkulima hulipia mbolea ambayo zao lake halipati. Majani chai, kinyume chake, hupenda udongo wenye asidi, hivyo si kila shamba linahitaji kurekebishwa.

Asidi huongezeka kwa mvua nyingi inayoosha kalisi, kwa mavuno yanayoondolewa kila msimu, na kwa kutumia mbolea zenye amonia, kama DAP, mwaka baada ya mwaka.

Kuchukua sampuli

1. Chukua udongo sehemu 15 hadi 20 za shamba, kwa kwenda upande huu na ule, kina cha sentimita 20.
2. Epuka kingo za shamba, chini ya miti, palipowekwa samadi na palipochomwa takataka.
3. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha toa nusu kilo.
4. Anika kivulini, weka kwenye mfuko safi na uandike jina, shamba na zao linalokusudiwa.
5. Peleka maabara ya udongo, kama ile ya KALRO Kabete, au uliza afisa wa kilimo wa wadi.

Wanaopanda mvua ndefu wafanye hivi mara baada ya kuvuna, ili majibu yapatikane mapema.

Kutumia chokaa

Chokaa ya kilimo hupunguza asidi. Humwagwa sawasawa na kuchanganywa na udongo wakati wa kulima, angalau mwezi mmoja kabla ya kupanda. Isichanganywe na mbolea ya amonia, kwani nitrojeni hupotea hewani. Kiasi hutegemea majibu ya maabara na aina ya udongo; kisikisiwe kwa macho wala kuigwa kwa jirani. Ikizidi, mimea hukosa madini kama zinki na chuma.

Chokaa si mbolea, wala haichukui nafasi yake. Kazi yake ni kuuwezesha mmea kuitumia mbolea iliyonunuliwa. Baada ya misimu michache, udongo upimwe tena, kwa sababu asidi hurudi.