Bodi ya Boti ya Faiba Ikiumia: Mwongozo kwa Wenye Boti, Manahodha na Mafundi wa Musoma, Bunda na Butiama

Mwongozo huu ni wa wanaotunza boti za faiba zilizokwisha kukaa majini miaka mingi, za tanga na za mashine. Tangu Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipokabidhi jijini Mwanza boti za kisasa za mkopo kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa, faiba imezidi kuzoeleka mialoni. Mafundi wetu wengi, hata hivyo, wamelelewa na mbao: wanajua kalafati, wanajua msumari, wanajua kung'oa ubao mmoja bila kuugusa wa jirani. Faiba haina ubao wa kung'oa. Ni matabaka ya nyuzi za kioo yaliyoshikanishwa kwa resini, na likipasuka la nje, maji hupenya na kusambaa katikati ya mengine, mbali na pale ufa unapoonekana. Ndiyo maana boti nyingi hurudi kwa fundi na jeraha lile lile: kiraka kilibandikwa juu ya faiba iliyolowa.

Chanzo cha jeraha kinasaidia kujua pa kutazama. Ufuko wa Musoma na Majita umejaa mawe ya itale, na ziwa lilipopanda mwaka 2020 hadi kupita kiwango cha 1964, mawe yaliyokuwa alama kwa manahodha yalizama. Huko tafuta nyufa na matundu ya kugonga, hasa chini ya omo. Boti zinazokokotwa mchangani, kama nyingi za Ghuba ya Speke upande wa Bunda, huliwa taratibu kwenye mkuku. Wanaopita mafunjo ya Mto Mara kuelekea Kirumi wakague mikwaruzo mirefu ya visiki.

Ipandishe boti nchi kavu, ioshe, isugue mwani wote. Kisha igonge. Chukua kipini cha bisibisi au sarafu, ugonge bodi nzima kwa mapigo mepesi, kila umbali wa kiganja kimoja. Faiba nzima hutoa mlio mkali na mkavu. Iliyoachana matabaka hutoa mlio mzito, uliofifia. Kila mlio unapobadilika chora kwa chaki, endelea kugonga mpaka mzunguko ufungike. Mara nyingi ufa wa urefu wa kidole utazungukwa na duara la chaki pana kama sinia, na duara hilo ndilo ukubwa wa kazi. Fungua na sakafu, ugonge kwa ndani.

Kwenye boti ya tanga usiache mguu wa mlingoti, vyuma vinavyoshika kamba za mlingoti, na mahali mkuku unapoungana na bodi. Nyufa zenye umbo la nyota hapo maana yake bodi inanepa kila upepo unapokaza. Kwangua ufa mmoja kwa ncha ya kisu: ukiishia kwenye rangi ya nje, ni kazi ya msasa na rangi, ukifika kwenye nyuzi zilizogeuka nyeupe, unachimbwa wote. Kwenye boti ya mashine kagua tezi, kwa sababu ndani yake mara nyingi kuna plaiwudi. Ukitoboa tundu dogo kwa upande wa ndani na unga wa mbao ukatoka mweusi na umelowa, usiirudishe mashine hapo.

Wapo wanaoamini kwamba maji ya ziwa hayaidhuru faiba kwa kuwa hayana chumvi. Ni kinyume chake. Maji baridi hupenya rangi ya nje upesi kuliko maji ya bahari, na joto huongeza kasi. Yakifika ndani huyeyusha mabaki ya kemikali, shinikizo hupanda, na bodi huota malengelenge. Ukiyatoboa, vaa miwani ya kazi: majimaji yenye harufu kali kama siki yanaweza kukurukia machoni. Malengelenge machache hufunguliwa, huoshwa kwa maji safi mara kadhaa, hukaushwa, hujazwa. Yakienea bodi nzima, panga miezi ya kukausha, wala usikubali ahadi ya wiki moja.

Ukavu ndio kazi yenyewe. Baada ya kukwangua, bandika kipande cha nailoni angavu juu ya jeraha, kingo zote zizibwe kwa tepu, uache mchana na usiku. Asubuhi ukiona matone upande wa ndani wa nailoni, bado. Jeraha dogo linaweza kukauka katika siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika. Kazi kubwa ipangwe kati ya Juni na Agosti, masika yakiisha.

Faiba mpya hushika kwa upana wa mteremko. Kila milimita moja ya unene wa bodi, saga milimita 12 kuelekea nje. Bodi ya milimita 5 inataka mteremko wa milimita 60 kila upande wa tundu. Usiogope kusaga, kinachopaswa kuogopwa ni vumbi lake, kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi, miwani na mikono mirefu. Futa kwa asetoni, uache ipae.

Ukitumia resini ya poliesta, hadina, yaani kigandishi chake, iwe asilimia 1 hadi 2: gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya resini. Kwa joto la mchana wa Musoma anza na kiasi cha chini. Meti ya nyuzi za kioo ya gramu 450 kwa mita ya mraba huongeza takriban milimita moja, kwa hiyo hesabu matabaka kabla ya kuchanganya. Toa hewa yote kwa rola. Usipange zaidi ya matabaka matatu au manne kwa mkupuo, maana joto la kuganda hupasua kazi. Epoksi hushika vizuri zaidi kwenye faiba kuukuu, lakini ukishaitumia, usiweke poliesta juu yake.

Hadina ikiingia jichoni hupofusha. Osha kwa maji mengi dakika 15 mfululizo, kisha kimbilia hospitali. Kama dukani umeuziwa na kichochezi cha kobalti kando, kamwe usikichanganye moja kwa moja na hadina: hulipuka. Sigara na jiko viwe mbali.

Puti ya bodi za magari isitumike chini ya mstari wa maji, kwani hunyonya maji. Bati la kupigiliwa na lami pia visitumike. Huficha tu maji yanayoendelea kuingia.

Bodi ikitoboka ziwani, kwanza kila mtu avae jaketi okozi. Hamishieni uzito upande wa pili ili tundu lipande juu ya maji, sokomezeni blanketi au nguo kwa ndani, piteni na turubai kwa nje likikazwa kwa kamba, na mmoja asiache kupiga maji nje. Elekeeni ufuko wa karibu, hata kama si mwalo wenu.

Matengenezo yakiisha, mjulishe afisa wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) mkoani Mara akague kabla boti haijarudi kazini, hasa ikiwa inabeba watu. Kisha ishushe tupu, sakafu ikiwa wazi, uitazame baada ya saa moja na tena asubuhi. Ikionekana hata jasho kwenye kiraka, ipandishwe, na nailoni ibandikwe upya.