Dondoo muhimu: Kupiga kafi na kujiokoa kwa kayaki baharini

- Zungusha kiwiliwili. Mikono peke yake huchoka mapema. Nguvu hutoka kiunoni na mgongoni. Chovya kafi karibu na vidole vya miguu, kaza mguu wa upande huohuo, litoe likifika nyongani. Usilibane, viganja vitakufa ganzi.

- Usiiachie kayaki. Ikipinduka, ing'ang'anie pamoja na kafi. Inaelea, na waokoaji huiona kwa urahisi kuliko kichwa chako.

- Panda kwa boya la kafi. Geuza kayaki ikae sawa. Vika boya kwenye bapa moja la kafi, lijaze pumzi, kisha laza mpini nyuma ya nafasi ya kukalia. Piga mateke hadi kifua kilale juu ya kayaki, ingiza miguu uso ukielekea tezi, geuka ukiegemea upande wa boya. Ukishakaa, toa maji kwa pampu.

- Jizoeze kwenye maji mafupi ukiwa na mwenzako, jaketi okozi likiwa limefungwa barabara.

- Ahirisha safari upepo ukivuma kutoka nchi kavu: utakusukuma mbali na ufuko, na kurudi kutakumaliza nguvu.