Kutoka Caravan Hadi Dreamliner: Hesabu za Rubani wa Mpemba

Pale Mpemba, kwenye njia panda ya kwenda Ileje, dereva wa Fuso anayeomba kukabidhiwa semi haulizwi ana miaka mingapi barabarani na mambo yakaishia hapo. Tajiri anataka kujua amepanda Kitonga na tani ngapi, usiku au mchana, na kama aliwahi kuegesha gari akagoma kuondoka kwa sababu breki hazikumridhisha. Kwa marubani ni hivyo hivyo. Kijana wa Mpemba anayerusha Cessna Caravan kati ya Dar es Salaam, Zanzibar na viwanja vya mbugani, huku roho iko kwenye Airbus ya Air Tanzania inayotua Songwe, mara nyingi saa za kuruka anazo. Anachokosa ni saa za aina inayotakiwa, na karatasi za kuzithibitisha. Ushauri huu ni wake, na wa wazazi wake wanaouliza kila Krismasi kwa nini bado anaendesha "kandege".

1. Ivunje logibuku yako vipande

Ukisema "nina saa 1,800" hujasema kitu. Chukua daftari, chora safu, uzigawe saa hizo: ulizoruka kama kapteni, ulizoruka kama rubani msaidizi, injini moja, injini mbili, pangaboi, jeti, ndege zinazohitaji marubani wawili, ndege za zaidi ya kilo 5,700, usiku, na saa za kuruka kwa ala bila kutegemea kuona nje. Safu itakayobaki tupu ndiyo itakayokurudisha nyumbani siku ya usaili.

Rubani wa Caravan atakuta safu ya ukapteni imejaa vizuri, maana ndege ile inaruhusiwa kurushwa na mtu mmoja. Safu ya uzito itakuwa sifuri. Caravan kubwa huruka na uzito usiofika kilo 4,000, wakati ATR 72 inakaribia tani 23 na Dash 8-400 inapita tani 29. Kwa hiyo tangazo la kazi likitaja ndege za zaidi ya kilo 5,700, saa zako zote za mbugani hazihesabiki kwenye mstari huo, hata kama umetua Seronera mara zisizo na idadi.

Safu za pili za kutazama ni zile za leseni ya juu ya urubani wa mashirika, ATPL. Viwango vya kimataifa vilivyomo kwenye Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago vinataka uwe na angalau miaka 21 na saa 1,500. Ndani ya hizo wanataka, pamoja na mengine, saa 100 za usiku na saa 75 za ala, na kati ya hizo za ala zisizozidi 30 ndizo zinazoweza kufanyika kwenye mashine ya mafunzo ya ardhini. Linganisha daftari lako na kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, mstari kwa mstari, kabla hujalipia ada yoyote.

2. Usiku na ala: pengo la marubani wa mbugani

Hapa ndipo wengi hukwama. Viwanja kama Msembe kule Ruaha au Mtemere kwenye Hifadhi ya Nyerere havina taa. Ndege inaondoka asubuhi, wageni wanashushwa, jioni umeshafunga kazi. Mtu anaweza kufikisha saa 2,000 akiwa na saa 30 za usiku.

Pengo hili halizibwi na bahati. Mwendee msimamizi wa ratiba, umwombe safari ambazo wenzako wanazikwepa: ya alfajiri, ya mwisho ya Zanzibar baada ya Magharibi, ya kurudisha ndege tupu Dar, ya kumkimbiza mgonjwa. Mwambie kwa heshima na kwa namba: "Mzee, nimebakiza saa 62 za usiku kufikia ATPL." Mwenye kupanga ratiba akijua namba yako, atakukumbuka. Ukimwambia tu kwamba unataka kupanda daraja, atakwambia subiri.

Kuhusu ala, usijidanganye. Kujaza mpango wa safari wa kuruka kwa ala siku ya jua kali hakugeuzi saa ile kuwa saa ya ala. Inayohesabika ni ile uliyoiruka ukitegemea vipimo vilivyo mbele yako. Mwajiri mkubwa huwa na mtu ambaye kazi yake ni kusoma logibuku, na mtu huyo anajua kwamba rubani wa viwanja vya nyasi hawezi kuwa na saa 400 za mawinguni.

3. Kubali kurudi kiti cha kulia

Kapteni wa Caravan amezoea kuamua mwenyewe, na abiria wanamwita kapteni. Akiambiwa aanze upya kama rubani msaidizi kwenye ATR, na pengine kwa mshahara usiozidi alionao, anaona ameshushwa. Asikatae. Mtihani wa vitendo wa ATPL hufanyika kwenye ndege ya injini zaidi ya moja inayohitaji marubani wawili. Caravan ina injini moja, kwa hiyo haitakufikisha huko peke yake.

Liko jambo jingine ambalo vijana hawaambiwi mapema. Ukikaa kiti cha kulia kwenye ndege iliyoidhinishwa kwa rubani mmoja, lakini mamlaka inataka wawe wawili, viwango vya kimataifa vinaruhusu uhesabiwe mpaka nusu ya saa hizo kwa ajili ya leseni ya juu. Mamlaka inaweza kukubali zote, ila kwa masharti: ndege iwe na vifaa vya rubani wa pili, na safari ziendeshwe kwa utaratibu wa marubani wawili. Kabla hujakaa miaka miwili kulia kwenye Caravan, waulize TCAA kwa maandishi saa zako zitahesabiwaje, utunze jibu. Kwenye ATR au Dash 8 saa zako za kiti cha kulia huhesabiwa zote.

Ngazi ya kawaida hapa nyumbani ni pangaboi kubwa kwanza. Precision Air wana ATR 42 na ATR 72, na Air Tanzania wana Dash 8-400. Humo ndimo utakapojifunza kazi ya watu wawili: nani anashika usukani, nani anasoma orodha ya ukaguzi, nani anatamka kasi, na namna ya kumwambia kapteni aliyekuzidi miaka 20 kwamba mwendo umeshuka. Sisi tumelelewa kutomkosoa mkubwa. Ndani ya ndege heshima ni kusema mapema, kwa sauti inayosikika na kwa maneno yaliyopangwa na kampuni.

4. Karatasi zikamilike kabla ya tangazo

Matangazo ya ajira za marubani hayasubiri mtu. Weka faili moja lenye vitu hivi, kila kimoja kikiwa hai:

- Logibuku iliyopigwa mhuri na kusainiwa na rubani mkuu wa kampuni, mwezi kwa mwezi. Usingoje siku ya kuaga. Kampuni za ndege hufa: fastjet Tanzania ilianza kuruka Novemba 2012, na ilipofika mwisho wa 2018 ndege zake zilikuwa zimesimama. Kampuni ikishafungwa, kumtafuta wa kukusainia saa za miaka minne ni kazi nyingine kabisa.
- Cheti cha afya cha daraja la kwanza. Kwa rubani wa chini ya miaka 40 hudumu miezi 12. Pimwa upya kabla hakijaisha, usingoje kiishe.
- Kiwango cha Kiingereza cha anga. Cha nne ndicho cha chini kwa safari za kimataifa, na hupimwa tena kila baada ya miaka 3. Cha tano ni miaka 6. Cha sita hakirudiwi. Ukiwa na cha nne, jinoe upande, kwa sababu waajiri wengi wanapendelea zaidi.
- Barua ya TCAA ya kuthibitisha leseni. Mamlaka za nje huitaka moja kwa moja kutoka kwa mamlaka iliyokupa leseni, nayo haitoki kwa siku moja.
- Vyeti vya shule, pasipoti yenye muda wa kutosha, na taarifa ya polisi ya mwenendo mwema.

Andika logibuku kwa wino, na usizungushe namba. Saa 1 na dakika 10 ni saa 1 na dakika 10. Ukikamatwa na safari moja ya uongo, saa 2,000 za kweli zinatiliwa shaka.

5. Chagua mlango kwa akili

Air Tanzania ya leo si ile ya 2015. Ufufuo wake ulianza na Dash 8-400 mbili Septemba 2016. Boeing 787-8 ya kwanza ikaja Julai 2018, Airbus A220 ya kwanza ikafuata Desemba mwaka huo, na mwaka 2023 zikaja Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX 9. Faida yake ni kwamba pangaboi na Dreamliner ziko chini ya paa moja, kwa hiyo unaweza kuingia chini ukapanda humo humo.

Upande wa pili, Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote yaliyopewa vyeti na Tanzania kwenye orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake. Marufuku hiyo inahusu mashirika, haifuti leseni ya mtu. Hata hivyo jiandae kuulizwa, na ujibu kwa utulivu: eleza mafunzo uliyopata, mtahini wako alikuwa nani, na ndege ulizorusha zilikaguliwaje.

Nje ya nchi, soma aina ya ndege kabla ya kusoma mshahara. Emirates wanarusha ndege kubwa za masafa marefu tu, kwa hiyo saa za Caravan pekee hazitakufikisha Dubai. Kenya Airways wana Embraer 190, ngazi nzuri ya mtu anayetoka pangaboi. Ukitaka Ulaya, ujue leseni yetu haibadilishwi kwa kupigwa mhuri tu: utafanya mitihani 13 ya nadharia, uchunguzi wa afya wa kwao, na mtihani wa vitendo.

Mkataba nao usomwe. Kampuni ikikulipia mafunzo ya aina mpya ya ndege, kwa kawaida itakufunga kwa miaka kadhaa, na ukiondoka mapema unarudisha fedha. Si ubaya, ilimradi ujue deni linapungua kila mwezi au linabaki lilelile mpaka siku ya mwisho. Mwanasheria asome kabla hujasaini, hata kama ni wa pale Vwawa aliyezoea kesi za mashamba.

Kumbuka pia foleni. Mashirika makubwa mengi hupanga marubani kwa tarehe ya kuingia: aliyetangulia ndiye anayetangulia kupata ukapteni, ndege kubwa na likizo ya Desemba. Ukomo wa safari za kimataifa za abiria ni miaka 65. Kuchelewa kuingia miaka mitatu kwa kusubiri "ofa nzuri zaidi" kunaweza kukugharimu ukapteni mwishoni.

6. Simuleta na meza ya usaili

Kabla ya mtihani, nunua muda kwenye simuleta. Addis Ababa na Johannesburg zipo. Fanya mambo ya msingi mpaka mikono izoee: injini moja kuzimika baada ya kupaa, kukaa kwenye mzunguko wa kusubiri, kushuka kwa ala bila msaada wa otopailoti. Watahini hawatarajii uijue ndege yao. Wanatazama kama unasikia, unasahihisha kosa, na unamtumia mwenzako.

Mezani utaombwa mfano wa siku uliyokataa kuruka. Rubani wa mikoani ana hazina hapa, aitumie. Uwanja wa Songwe uko juu ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari. Mchana wa joto hewa inakuwa nyepesi, ndege inahitaji njia ndefu zaidi ya kupaa na inapanda taratibu. Basi eleza: ulipiga hesabu, ukaona mzigo umezidi, meneja akakwambia, "Kapteni, hawa wageni wana ndege ya kuunganisha Dar," ukamjibu, "Tushushe mizigo, au tungoje jua lipoe." Taja uzito, joto, na nini kilifuata. Jibu lenye namba hutofautisha aliyefanya na aliyesoma.

Na kama unatoka nyumbani kwenda usaili Dar, usipange ndege ya asubuhi ya siku hiyohiyo. Ukungu wa Songwe unajulikana, na kwa basi ni zaidi ya kilomita 900. Fika siku moja kabla, ulale.

7. Anza na matatu

Mwezi huu gawa saa zako kwenye safu, peleka logibuku kwa rubani mkuu apige mhuri, kisha mpe msimamizi wa ratiba namba ya saa za usiku unazodaiwa. Hayo hayahitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Mwezi ujao omba nafasi kwenye pangaboi kubwa, hata kama ni kiti cha kulia. Dreamliner inafuata baada ya hapo, kwa mpangilio huo huo.