Mfumo wa Miradi: Ulipie Tena au Uachane Nao?

Barua ya kuhuisha leseni ya mfumo wa kusimamia miradi ina tabia ya kufika wiki mbaya. Ofisi moja ya ukandarasi niliyokuwa nairatibia miradi Mbagala iliipata katikati ya masika. Njia ya kuingilia saiti ya Chamazi ilikuwa imegeuka bwawa, vibarua wanadai ujira wa wiki mbili, na muuzaji wa mfumo anataka dola za mwaka mzima kwa watumiaji 20. Bosi akauliza swali moja: "Hivi huu mfumo tunautumia?" Mhandisi akasema tunautumia. Mtunza stoo akatazama sakafu.

Tangu siku hiyo swali hilo siliulizi tena, kwa sababu kila mfumo "unatumika". Ijumaa jioni mtu anaingia, anageuza asilimia 60 kuwa 65, anatoka. Ukimwomba muuzaji taarifa ya walioingia, atakuletea grafu inayopanda vizuri kabisa.

Uliza hivi: mara ya mwisho watu walipogombana, walifungua nini? Tuseme mifuko 40 ya saruji haionekani. Dereva anasema aliishusha, fundi anasema hakuiona. Kama kilichomaliza ubishi ni daftari la stoo na picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, basi kumbukumbu za ofisi yenu ziko humo, na mfumo mnaoulipia ni nakala inayochelewa. Kaa na watu wako asubuhi moja, wakumbuke mabishano matano ya miezi mitatu iliyopita: vifaa, siku za mvua, kazi iliyorudiwa, malipo ya fundi wa nondo, lolote lile. Kila moja liandikie lilimalizwa na karatasi gani au skrini gani. Nimefanya zoezi hili katika ofisi za Temeke na za Kinondoni, na halijawahi kuzidi saa mbili. Msimamizi mmoja wa saiti alinijibu, "Dada, kwenye mfumo ipo, ila ile siyo." Sikuhitaji kumuuliza zaidi.

Lakini usikimbilie kufuta. Mara nyingi mfumo unakufa kwa sababu ya bosi mwenyewe. Anaununua, anawapeleka watu mafunzo, halafu kesho yake saa 1 asubuhi anampigia msimamizi simu kuuliza zege limemwagwa wapi. Msimamizi si mjinga. Akishajibu kwa simu, haoni sababu ya kukaa juani akiandika jambo lile lile kwenye simu janja yenye kioo kilichopasuka, kwa bando lake mwenyewe. Baada ya wiki tatu anajaza ili asigombezwe, na anachojaza ni makisio.

Kwa hiyo kabla ya uamuzi, mpime bosi. Kwa siku 30 asipokee taarifa yoyote ya maendeleo kwa simu wala kwa WhatsApp. Akitaka kujua, afungue mfumo. Ofisi nayo itoe bando kwa kila anayetakiwa kujaza. Ajali na dharura ziendelee kwa simu, hilo halina mjadala. Kama mwezi ukiisha na bosi amevumilia, mna kitu cha kubaki nacho. Akishindwa wiki ya kwanza (wengi hushindwa, na simlaumu mtu mwenye mshitiri anayempigia usiku), jibu mmelipata bila kulipia mshauri. Hakuna toleo jipya litakaloitibu tabia hiyo.

Baada ya hapo fungua mikataba. Hapa ndipo ofisi nyingi hujikwaa, kwa sababu anayefuta mfumo ni mtu wa fedha na anayejua mkataba yuko saiti. Kazi kubwa, hasa za barabara zenye fedha za mkopo kutoka nje, mara nyingi hufuata masharti ya mikataba ya FIDIC. Kwenye toleo la 1999, mkandarasi anatakiwa kuwasilisha ratiba ya kazi ndani ya siku 28 baada ya kupokea taarifa ya kuanza. Toleo la 2017 linakwenda mbali zaidi: ratiba iandaliwe kwa programu iliyotajwa kwenye maelezo ya kazi, au ile atakayoikubali mhandisi mshauri. Hata kama wewe ni mkandarasi mdogo uliyepewa mitaro tu na mkandarasi mkuu, huenda sharti hilo limeteremka mpaka kwako. Soma. Ukikuta Primavera au Microsoft Project imetajwa kwa jina, huwezi kupeleka jedwali la Excel ukategemea mhandisi atakuonea huruma.

Usomapo, angalia pia kinachodaiwa hasa. Mkataba unadai ratiba, na ratiba huandaliwa na mtu mmoja, pengine wawili. Sijaona mkataba unaodai watu 20 wenye akaunti. Katika ofisi za ukubwa huu, jibu la kweli mara nyingi linakaa katikati ya kubaki na kuondoka: leseni moja au mbili za mpanga ratiba, wengine wote warudi kwenye kitu chepesi wanachokiamini tayari. Muuzaji hatakuambia hivyo. Atakupa punguzo ukiongeza watumiaji.

Hesabu ya fedha ni fupi, ila ifanye kwa shilingi. Chukua bei ya dola 30 kwa mtumiaji kwa mwezi, ambayo ni ya kawaida kwa mifumo ya aina hii. Watumiaji 20 kwa mwaka ni dola 7,200. Mwanzoni mwa 2023, dola ikiwa karibu na shilingi 2,300, hiyo ilikuwa kama milioni 16.5. Katikati ya 2024 dola ilipita 2,600, na bili ile ile ikazidi milioni 18.7 bila mfumo kuongezewa hata kitufe kimoja. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo wakala wa hapa Dar anapaswa kukupa bei ya shilingi. Omba bei hiyo kwa maandishi na uulize inakaa muda gani. Juu yake weka kodi, bando, na siku za kazi zinazoliwa na mafunzo kila mnapoajiri mtu mpya.

Intaneti nayo ni sehemu ya hesabu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania nzima ikayumba. Aliyekuwa na kila kitu kwenye seva ya ng'ambo alikaa akiangalia duara linazunguka, wakati zege la Tegeta halikusubiri. Ukibaki na mfumo, hakikisha unakubali kujazwa bila mtandao na kupeleka taarifa baadaye, na mlijaribu jambo hilo wenyewe kwa kuzima data, saiti, siyo kwenye maonyesho ya muuzaji hotelini.

Wakati mwingine uamuzi unafanywa na mwenye mfumo. Microsoft wametangaza kuwa Project Online itazimwa tarehe 30 Septemba 2026, ingawa programu ya Project ya kusakinishwa kwenye kompyuta inaendelea. Aliye humo swali lake limebaki moja tu, la namna ya kuhama.

Kuhama kunataka tarehe moja isiyojadiliwa. Serikali ilionyesha njia kwenye manunuzi ya umma: mfumo wa NeST ulianza Julai 2023, na kufika Oktoba mosi mwaka huo zabuni mpya zikawa hazina mlango mwingine, mfumo wa zamani, TANePS, ukabaki historia. Watu walinung'unika, wengine kwa haki, lakini hakuna aliyeuliza zabuni itangazwe wapi. Ofisi ndogo hufanya kinyume. Inaacha mifumo miwili iende sambamba "mpaka tuzoee", na baada ya miezi sita kuna ratiba mbili zisizofanana. Kanuni yangu ni kwamba mradi uliobakiza chini ya miezi mitatu umalizikie ulikoanzia. Mingine yote ihamie siku moja, na mfumo wa zamani ubaki wa kusoma tu.

Toa data mapema, ukiwa bado unalipa. Jedwali la kazi na tarehe peke yake halitoshi. Chukua viambatisho, picha, maoni, na hasa tarehe za idhini. Hizo ndizo zitakazokutetea ukidai nyongeza ya muda kwa siku za mvua, au mshitiri akirudi na nyufa ndani ya kipindi cha matazamio. Kumbukumbu za kodi sheria inataka zitunzwe miaka mitano. Kisha fungua mafaili hayo kwenye kompyuta isiyo na akaunti ya mfumo. Mara moja niliona ofisi ikihifadhi kwa uangalifu mkubwa faili ambalo lingefunguliwa na mfumo ule ule waliouacha. Na kama humo mlikuwa mmejaza majina, simu na namba za NIDA za vibarua, mwandikie muuzaji azifute na akuthibitishie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023.

Mwisho tazama kifungu cha kujihuisha. Mikataba mingi inataka taarifa siku 30 au 60 kabla, na kadi ya benki ya ofisi haitakukumbusha.

Mbagala tulibakiza leseni mbili, ya mhandisi na ya mkadiriaji majenzi. Taarifa za kila siku zikawa fomu ya ukurasa mmoja inayopigwa picha saa 11 jioni, na karani anaiingiza kwenye Excel asubuhi. Jumatatu ya kwanza mtunza stoo alikuja na ombi: anahitaji kaunta buku jipya, lile la zamani limebakiza kurasa nne.